Tofaa Alilolikana Noreen

Katika mji mzima wa Harlow Mills, jimboni Maine, Noreen Thibodeau hakuwa na ugomvi na mtu ila mmoja, na huyo mmoja mwenyewe hakujua kwamba wana ugomvi. Alikuwa Colette Michaud, shoga yake tangu wakiwa wasichana wa kwaya kanisani.

Miaka kumi na sita nyuma walikuwa wameanzisha blogu pamoja. Kila Oktoba, majani yakigeuka mekundu, walivaa buti za mpira wakaingia porini kwenye mashamba yaliyohamwa zamani, wakitafuta mitofaa iliyosahauliwa. Maana katika nchi ile kila shamba lilikuwa na tofaa lake na jina lake, na wenyewe walipokufa au kuhamia mijini, miti ilibaki na majina yakapotea. Colette alipiga picha, Noreen akaandika: umbo la tunda, rangi ya ngozi, ladha, nani aliupanda mti na kwa nini. Waliosoma walikuwa wachache, lakini walisoma mpaka mwisho, wakaandika maoni marefu kama barua.

Kisha majira fulani ya baridi Colette alijirekodi akiuma tofaa chachu na kukunja uso, video ya nusu dakika, akaiweka kwenye mtandao wa kijamii. Watu wakacheka nchi nzima. Wiki ya pili kampuni moja ikamtumia buti. Ya tatu, koti la sufu.

"Watu hawasomi siku hizi, Noreen," alimwambia. "Wanatazama."

"Mimi nina wanaosoma."

"Wangapi?"

"Wapo."

Walikuwa kama mia mbili. Wa Colette, kufikia mwaka huu tunaousimulia, walikuwa zaidi ya laki nne.

Mbele ya watu Noreen alijifanya hajali. Lakini kila asubuhi, kabla hajaenda kufungua duka la vifaa vya ujenzi alikofanya kazi, alifungua kompyuta akachungulia ukurasa wa Colette bila kujisajili, asije akaacha alama ya kupita kwake. Alizijua buti zote, makoti yote. Alijua lini jiko la Colette lilipakwa rangi mpya. Kilichomchoma zaidi ni kusikia maneno yake mwenyewe, aliyoyaandika miaka ile akiyapima moja moja, yakitoka kinywani mwa Colette katikati ya tangazo la sabuni.

"Umeshamwamkia mwenzio?" mumewe Armand alimuuliza kila alipomwona amekodoa macho kwenye kioo cha kompyuta.

"Natazama hali ya hewa."

"Na huko kumevaliwa nini leo?"

Mara moja alijaribu na yeye. Armand alishika simu, Noreen akaeleza ugonjwa wa magamba ya mitofaa. Waliotazama walikuwa kumi na mmoja, na mmoja wao aliuza dawa ya kupunguza unene. Chini yake mtandao ukamwandikia: ukitaka wengi zaidi wakuone, lipia. Noreen akaifuta. Hata wenye mtambo wa blogu walikuwa wakimsihi aweke matangazo pembeni mwa maandishi yake, naye akikataa. Armand alisema tangazo moja la mbolea halimuui mtu. Noreen alijibu kwamba anayekuja kujifunza habari za mti hapaswi kuwindwa mfukoni. Kama huo ulikuwa msimamo au kiburi cha aliyeshindwa, yeye mwenyewe hakuwa na hakika.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Colette hakuwa nalo. Noreen alikuwa akilitafuta tofaa liitwalo Mjane wa Sandford. Mara ya mwisho liliandikwa katika taarifa ya wakulima ya mwaka 1871, na aya ile aliijua kwa moyo kama Salamu Maria: ngozi ya manjano yenye michirizi ya waridi, kutu, yaani madoa ya kahawia, yenye umbo la nyota pale kikonyo kinapoingilia, nyama ya rangi ya malai, na vyumba vya mbegu vilivyo wazi, hata ukilitikisa tunda lililoiva sikioni unasikia mbegu zikicheza. Miaka kumi na mitano alikuwa akilitafuta. Alishaandika makala thelathini na moja juu yake. Siku akiliona, alijiambia, hakutakuwa na buti wala koti litakalofika hapo.

Basi Jumatatu moja ya Oktoba, Colette aliingia dukani na mfuko wa karatasi.

"Shoga, nitazamie matofaa haya," alisema, akauweka mezani kati ya makopo ya rangi na misumari. "Nimekodi shamba la Mzee Alden Pratt kwa sherehe ya wale watu wa juisi ya matofaa. Kuna mti nyuma ya ghala. Nimeona hii kutu hapa juu, nikasema, isije ikawa yule mjane wako."

Noreen alichukua moja. Kabla hajaligeuza alishaiona nyota. Michirizi ya waridi ilikuwa mahali pake. Alilileta karibu na sikio kama mtu anayejikuna, akalitikisa kidogo. Mbegu zikacheza.

Moyo wake haukuruka kwa furaha. Ulizama. Miaka kumi na mitano ya miiba na matope, na mti umesimama nyuma ya ghala ukimsubiri Colette aje kutafuta mahali pa kutundika taa za mapambo.

"Kama ndilo," Colette alisema, "nitalitangaza Jumamosi, kampuni ikiwepo. Lakini siwezi kusema bila wewe. Wewe ndiye unayejua."

"Silo," Noreen alisema.

"Na hiyo kutu je?"

"Kutu ni ya mvua. Huu ni mche tu uliojiotea kwenye mbegu. Iko mingi."

Colette akashusha pumzi. "Haya. Nilitamani tu." Akanunua kamba na gundi, akamwachia mfuko, akaenda zake.

Noreen aliingia chumba cha nyuma cha duka akalikata tunda. Vyumba vitano, vyote wazi. Akalila lote, na mbegu zake, amesimama. Lilikuwa tamu na kali, na mwishoni lina harufu ya chai, kitu ambacho taarifa ya 1871 haikukitaja.

Jumanne Colette alirudi kununua rangi ya kuandikia mabango. Akilipa, alisema kama mtu anayezungumzia mvua: "Mzee Alden ataukata ule mti Alhamisi. Magari yamekosa pa kuegeshwa."

"Aukate?"

"Si ulisema ni mche tu?"

Noreen alimrudishia chenji.

Mchana akamwambia Armand, kwa sababu siri ilimlemea. Armand aliweka kijiko chini.

"Umemwambia silo, na ndilo."

"Ndiyo."

"Mke wangu, hiyo si roho yako."

"Ndiyo yangu. Wewe hujaiona tu."

Asichomwambia Armand ni mpango uliokuwa umeshamwingia kichwani. Angekwenda mapema Jumatano na kisu cha kupogolea, akate vikonyo vichache, vile vijiti vya kupandikizia, avibebeshe kwenye miche yake nyuma ya nyumba. Mti mkubwa ukatwe, vizuri. Baada ya miaka mitano tofaa lingezaa kwake, na angelitangaza yeye, kwenye blogu yake, bila Colette. Mpango ulikuwa na kasoro moja, na hakuna aliyeijua kuliko yeye, maana alishawafundisha wasomaji wake mara nyingi: vikonyo hukatwa mwisho wa majira ya baridi, mti ukiwa umelala. Vya Oktoba hufa, vinane katika kumi, pengine vyote. Hata hivyo aliomba ruhusa kazini akaenda, kisu mfukoni.

Alimkuta Mzee Alden kando ya mti, amevaa kofia ya masikio, anajaza mafuta kwenye msumeno wake.

"Umekuja kuuaga?" mzee aliuliza.

"Nimekuja kuutazama."

"Bibi yake mama yangu aliuleta kutoka Sandford, ukiwa kijiti cha urefu wa kidole, kimechomekwa ndani ya kiazi kisikauke njiani. Alikuwa amefiwa na mume mwezi uleule." Akafunga kifuniko cha mafuta. "Nilidhani labda una thamani. Lakini Colette alisema amekuuliza. Nikasema, kama Noreen amesema si kitu, basi ni kuni. Nasoma mambo yako tangu mke wangu yuko hai. Hujawahi kunidanganya."

Noreen alitoa mkono mfukoni ukiwa mtupu.

"Usiukate, Mzee Alden."

"Ehe?"

"Noreen amesema uongo."

Mzee akautazama mti, halafu akauweka msumeno chini. Hakumuuliza sababu. Alisema tu, "Basi nenda kamwambie Colette mwenyewe, mimi nikatafute pengine pa magari."

Colette alikuwa jikoni kwake, kati ya taa mbili kubwa za kurekodia, akipanga matofaa yaliyong'arishwa kwa kitambaa. Noreen hakukaa. Alimwambia yote akiwa amesimama mlangoni.

"Ulijua saa ileile?" Colette aliuliza.

"Nilipolitoa tu mfukoni."

"Kwa nini basi ulikana, Noreen?"

"Kwa sababu ulilipata wewe."

Colette alizima taa moja, kisha nyingine. Jikoni pakawa pa kawaida, na Noreen akaona kwamba shoga yake amezeeka chini ya macho.

"Miaka yote nilidhani unanidharau," Colette alisema. "Unaniona nacheza."

"Nilikuwa nakuonea wivu. Kila asubuhi. Naanza kwako kabla ya kahawa."

"Bora dharau. Dharau nilishaizoea."

Kisha Colette, ambaye kazi ilikuwa imeshamwingia damuni, akaanza kutembea huku na huku. "Sikiliza. Tunaweza kulitengeneza. Tunasema ulisita. Ulitaka hakika, mtaalamu mwaminifu, hukulala siku mbili. Halafu tuko mimi na wewe chini ya mti, marafiki wa zamani wameungana. Watu watalia. Na wale wa juisi wanaijua blogu yako, walishaniuliza. Wanataka kuidhamini. Nembo yao juu, wanakutengenezea upya, watu elfu hamsini kwa mwezi, Noreen."

Mtu asikudanganye kwamba Noreen hakutamani. Alitamani mpaka mate yakamjaa. Alijiona chini ya mti ule na koti jipya, akilia vizuri.

"Sikusita," alisema mwishowe.

"Ni neno tu."

"Ningeandika nini basi? Nikiandika kwamba nilisita, na nembo ya watu iko juu, hata ile aya ya 1871 nitakuwa nimeiharibu."

"Nani anataka kujua kwamba ulidanganya? Nitaiweka wapi hiyo, kwenye dakika moja?"

"Kwako haitaingia. Kwangu ipo nafasi."

Colette aliwasha taa zake. "Basi mimi sikutaji kabisa," alisema.

"Ni haki yako."

Noreen aliandika siku tatu. Alieleza tunda, vipimo vyake na ile harufu ya chai, akaeleza kiazi cha bibi kutoka Sandford. Aliandika: mti huu umegunduliwa na Colette Michaud. Kisha akaandika alichofanya, siku kwa siku, pamoja na kisu cha mfukoni. Makala ilikuwa ndefu kuliko zote. Mtambo ukamshauri aifupishe ili ipendwe, akaiacha.

Jumamosi sherehe ilifana, magari yakiwa yameegeshwa kwenye shamba la nyasi. Video ya Colette ilitazamwa na watu milioni mbili. Ya Noreen ilisomwa na mia mbili na kumi na wanne. Mwalimu mstaafu wa Vermont aliandika kwamba haendelei kumsoma, akamtakia heri. Mzee mmoja wa Nova Scotia, msomaji wa tangu mwanzo, alihoji: kama wivu uliweza kumfanya aseme silo, atajuaje kwamba tamaa haikumfanya siku nyingine aseme ndilo? Akamtaka apime upya matofaa yote aliyowahi kuyatambua. Noreen alikasirika kutwa nzima, kisha akaona mtu yule amesema kweli. Majira yote ya baridi akayapitia, moja moja, na mawili aliyakuta na makosa. Akayaandika hayo pia.

Mwezi Machi, theluji ikiwa bado magotini, Mzee Alden aliwaita wote wawili kukata vikonyo. Colette alikuja na kamera na kijana wa kumshikia taa, Noreen akaja na daftari. Walisalimiana kama majirani. Kazi ikiendelea, Colette aliuliza bila kumtazama, "Kikatwe juu ya jicho la chipukizi au chini?" na Noreen akamwonyesha kwa kidole. Kisha Colette alimshikia ngazi alipopanda.

Alipofika nyumbani Armand alikuwa mezani anakula supu ya maharage.

"Video yake imeshatoka?" aliuliza.

"Imetoka. Sitini elfu, kwa saa mbili." Alivua glavu. Ile idadi ilikuwa imemchoma njia nzima, na bado ilikuwa inachoma. "Sogeza bakuli lako kidogo, Armand. Nataka kuandika kabla sijasahau nani alikata vipi."