Mashine ya Kufulia Kwenye Mahojiano

"Niandike nini, Clayton? Kwamba nimewaona mkipendana?" Anti Purita alikuwa amesimama upande wake wa uzio na mpira wa maji mkononi, maji yanamlowesha kandambili bila yeye kujali. "Nilichoona mimi ni Marivic anafua, Marivic anaanika, Marivic anamwogesha mama yako. Wewe nimekuona kwenye kochi."

"Andika kwenye barua kwamba tunaishi pamoja, anti. Uongo uko wapi hapo?"

"Hata kuku wangu naishi nao pamoja."

"Basi waandikie na wao barua!"

Nusu ya mtaa wa Kalihi ilisikia, na waliokosa walisimuliwa kabla ya chakula cha mchana. Marivic naye alisikia, maana alikuwa palepale kwenye kamba akianika shuka za mama mkwe. Jumanne ilikuwa siku ya mahojiano ya ukaazi wa kudumu, yeye na mumewe Clayton. Wakianguka, angerudishwa kwao Laoag, na binti yake Jonalyn, aliyekuwa akisubiri huko zamu yake ya kuja, asingekuja tena. Akabana shuka ya mwisho, akaenda kwenye uzio, macho chini.

"Anti, andika tu. Nakuomba."

Anti Purita akafunga maji. Akaandika kwamba amewaona wakipendana, tena mara nyingi. Kwa siku mbili baada ya hapo hakumsalimia mtu.

Jumanne asubuhi wakafika ofisi ya uhamiaji na albamu ya picha na boksi la maandazi ya sukari, kwa kuwa Kalihi hakuna anayekwenda kwa mtu mikono mitupu. Mlangoni mwa chumba namba saba wakavua viatu wote wawili, kama waendao kwa shangazi, wakaingia na soksi. Afisa, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, akawaambia haruhusiwi kupokea hata chembe ya sukari. Akawaapisha.

Alianza na Clayton. Mkeo analala upande gani wa kitanda?

"Kushoto." Walikuwa wamefanya mazoezi wiki tatu.

Mkeka ukaingia wenyewe, bila aliyeubeba. Ulijikunjua sakafuni kati ya kabati la mafaili na kiti cha Marivic, na katikati ulikuwa na alama ya mtu mmoja aliyelala amejikunja. Ulinuka sabuni ya unga.

Afisa akainua miguu kuupisha. "Chakula cha jioni?"

"Saa kumi na mbili. Tunakaa mezani wote. Mimi, mama, na yeye."

Ikaingia sahani ya plastiki yenye ukoko wa wali na mgongo wa samaki, ikatua juu ya albamu. Marivic aliitambua, ndiyo yake ya kila jioni. Akaziangalia soksi zake.

"Na wewe, Marivic. Ndoa hii unaionaje?"

Alimfikiria Jonalyn. "Nina furaha," akasema.

Kwa jibu hilo ikaja mashine ya kufulia. Ilipita mlangoni kwa ubavu, kwa shida, ikiburuta waya na mpira wake wa maji, tumboni bado inazungusha nepi za mama mkwe. Ikajibana kando ya mkeka vilevile kama nyumbani, hata mgeni angeweza kuona kuwa anayelala hapo hukunja miguu kuipisha mashine.

Masikio ya Clayton yalikuwa mekundu. Marivic aliona aibu zaidi kwa zile nepi. Laiti angezisuuza jana.

"Hii ni yenu?" afisa akauliza.

"Yetu."

"Mnaitumia wote?"

"Nguo zangu zinafuliwa humo," Clayton akasema. Hilo lilikuwa kweli, kwa hiyo hakikuja kitu.

Afisa akaizunguka mashine, akasoma namba iliyo mgongoni, akaandika: vitu vitatu, mali ya pamoja, ushahidi wa kuishi nyumba moja. Wengi wanaleta bili ya umeme tu, akasema. Kisha akagonga muhuri, huku akiangalia ukuta ambao haukuwa na chochote.

Walinzi wawili waliwasaidia kupakia kwenye pikapu, wakapewa yale maandazi. Mashine ilikuwa haijamaliza kuzunguka na ilihitaji mtu wa kuishikilia, kwa hiyo Marivic akapanda nyuma. Njiani akampigia Jonalyn.

"Tumepita."

Binti akapiga vigelegele mpaka akakohoa. "Mama! Sasa mimi nitalala wapi nikija?"

"Utalala na mimi," Marivic akajibu, mkono juu ya kifuniko kilichokuwa kinatetemeka.

Jioni nyumba ilijaa. Wajomba walikuja, binamu wakaja na bia, mama mkwe akavalishwa gauni la maua na kukalishwa kichwani mwa meza. Marivic alipika tambi, nyama ya nguruwe ya siki na samaki wawili wakubwa, na sasa alikuwa amesimama kwenye jiko akipakua, kwapa zimelowa. Walimpongeza kupitia mlango wa jikoni, wakaomba wali zaidi.

Anti Purita alifika mpaka kwenye ngazi akasimama. Kupitia mlango wa wavu aliiona meza, akawahesabu waliokaa, akamwona aliyesimama. Akageuka kuondoka, lakini Clayton alikwisha kumwona.

"Anti! Barua yako imetuvusha!" Alikuwa ameshika mlango wazi kwa mguu, anacheka, mwiko mkononi. "Unakwenda wapi? Vua kandambili, ingia ule. Kiti kimebaki kimoja."