Panya Niliyemwonea Huruma

Utemi ulishafutwa nchi nzima, lakini ndani ya kizimba cha panya weupe pale shuleni kwetu Shinyanga ulikuwepo bado. Nilikuwa mhudumu wa chumba cha biolojia, na yule dume mkubwa nilimwita Mtemi mimi mwenyewe. Akipita, madume wawili walijibanza pembeni. Wa nne, mwenye masikio yaliyotafunwa, alijilaza chali mpaka bwana mkubwa apite. Huyo nilimwita Yatima, nikawa namfichia karanga.

Roho iliniuma kwa sababu nilijiona ndani yake. Miaka sita nilikula nyuma ya mlango, karibu na mtungi, baada ya mke mwenzangu mkubwa, Mama Masele, kushiba. Mwaka huo wa sabini na nane alihamia Kagongwa kwa mwanawe, mume wetu akaoa binti aitwaye Limi. Nikaapa huyu hatateswa kama mimi.

Basi Ijumaa nikamtoa Mtemi, nikamweka kwenye kizimba cha peke yake. Nilidhani nimeleta amani.

Jumatatu nilipofungua mlango nilipiga yowe. Damu ilikuwa imetapakaa kwenye maranda. Mmoja alikuwa amekufa, mwingine kajilaza chali anatetemeka. Yatima alisimama juu ya chakula, manyoya yamemsimama, mdomo mwekundu.

"Mwalimu Valerian! Yatima kaua! Huyu huyu Yatima!"

Mwalimu wa biolojia alikuja, akatazama, wala hakushtuka. "Mbuke, nani alikutuma umtoe mkubwa? Nafasi ikibaki wazi wanaigombania. Ulimwona amelala chali, ukadhani ni mpole."

Mpumbavu mimi, kumlisha muuaji karanga! Nilimtukana Yatima njia nzima hadi nyumbani, mtaa wa Kambarage.

Limi alikuwa amepakua. Ugali wangu na mboga ya nsansa, yale majani makavu ya kunde, vilikuwa kwenye mkeka. Yeye alipiga magoti nyuma ya mlango, karibu na mtungi, na kisahani chake.

"Shikamoo dada."

"Nani kakwambia ukae huko?"

"Si wewe, dada?"

"Njoo tule pamoja." Nikamnyooshea mkono. Akaangusha tonge, akajifunika uso kwa mikono yote miwili.

"Mungu wangu! Limi, mimi nimekupiga lini?"

Nilikumbuka mwenyewe. Ilikuwa jana yake, kwa mwiko, mara moja tu, kwa sababu ugali ulikuwa na madonge. Na usiku ule, baada ya kumpiga, nililala fofofo.