Kalamu ya Mama Penseli

Kwenye maabara yetu naitwa Mama Penseli, na jina hilo nimelitafuta mwenyewe. Miaka kumi na tisa kila mwanafunzi anayeingia namhubiria yaleyale: namba huandikwa kwa penseli, maana wino huyeyuka kwenye alkoholi. Nimewahi kumpokonya daktari mzima kalamu yake mfukoni. Nyani haoni kundule.

Mwaka huu tulikuwa na binti wa shahada ya pili, mpole, aniitaye mama mpaka nasahau sikumzaa. Alikuwa anachunguza figo za vitoto vya panya vya siku moja: sita mama yao alipewa dawa, sita mama yao alikunywa maji matupu. Vitoto hivyo havina manyoya wala macho hayajafunguka, na ukivishika vinakitafuta kidole vinyonye. Binti aliviua mwenyewe kwa utaratibu unaotakiwa, akatoa figo, akaziloweka kwenye formalini zisioze, kisha akaenda chooni kulia.

Kesho yake alikuwa na darasa.

"Mama, nisaidie kuandika namba tu."

"Nenda mwanangu. Hiyo kazi naifanya macho yamefumba."

Na kweli niliifanya macho yamefumba. Penseli ilivunjika ncha, kichongeo kiko chumba cha pili, nami nikaona uvivu kuinuka. Nikachomoa kalamu. Vijisanduku kumi na viwili vya plastiki, kila kimoja na kifigo kama punje ya dengu. Kumi na kimoja vikaenea kwenye mashine ya alkoholi. Kimoja kilichobaki nikakirudisha kwenye chupa ya formalini kisubiri zamu yake.

Asubuhi vilitoka vyeupe pe. Figo ya dawa na figo ya maji hazikutambulikana tena, na hakuna hadubini ya kusoma namba iliyofutika.

Profesa alikuja juu. "Nani kaandika kwa wino?"

Binti alinitazama. Nikainama, nikajifanya nafuta meza.

"Simuulizi Mama Penseli," profesa akasema. "Wewe binti, siku ya kwanza hukuambiwa? Panya si karatasi, useme utachana uandike upya! Ijumaa nataka ufunguo wa maabara mezani kwangu."

Binti alisubiri niseme kitu. Nilipoendelea kufuta meza, akamwambia profesa, "Nisamehe, mwalimu." Nilitamani ardhi inimeze, lakini ardhi haina haraka na watu kama mimi.

Alhamisi nilijikaza nikaenda kwa profesa. "Ni mimi," nikasema.

Akacheka. "Una moyo wa mzazi. Lakini usimkingie kifua, hatajifunza."

Nilitoka mle ofisini nimepata nafuu. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo kuliko wino wenyewe. Nilijiambia nimeungama, hawakuniamini, basi, nifanyeje tena? Siku ile nilikula mchana vizuri kabisa.

Ijumaa asubuhi nikawa naosha chupa, nikaikuta ile ya formalini. Ndani kijisanduku namba saba, wino wa buluu umefifia lakini unasomeka. Saba yangu ina mkato katikati. Maabara nzima inaijua. Huwa wanaitania kwamba imefunga mkanda. Sinki lilikuwa mbele yangu, bomba linatiririka, na sikuwa na shahidi. Nilisimama pale muda ambao naona haya kuutaja.

Binti alikuwa tayari ofisini, ufunguo mkononi. Nikaweka kijisanduku mezani, kinachuruzika juu ya karatasi za profesa. Profesa alikitazama, akanitazama, hakucheka.

"Mama Penseli," alisema polepole, "na wewe ulimwacha?"

"Nilimwacha."

Binti alirudishiwa kazi. Mimi niliandikiwa barua ya onyo, na mahubiri yangu kwa wanafunzi wapya sasa anayatoa yeye.

Wiki tatu baadaye panya wawili walizaa. Vitoto kumi na viwili vingine, vyekundu, vinahangaika kutafuta chuchu. Vinaingia kazini badala ya vile vya kwanza, kwa sababu yangu. Nilikishika kimoja, kikaanza kuninyonya kidole.

Binti aliniletea penseli. Hakuwa na kinyongo, na hapo ndipo nilipokosa pa kuuweka uso.

"Nimechonga mbili, mama," alisema. "Moja ya akiba."