Fito Kumi za Deodata

Deodata alikuwa na siku nne hajakanyaga choo kipya cha shule, na sababu aliijua mwenyewe. Fito kumi za ukuta wa choo kile zilikuwa zake.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tano. Kila mwanafunzi wa darasa la sita alitakiwa alete fito kumi, na asiyeleta alijua viboko vinamngoja. Kuagiza ni rahisi! Msitu wa jirani ulikuwa umekwisha, umegeuka vibanda na kuni za kambi ya wakimbizi, na kuzifuata fito huko mbali kulikula nusu siku. Basi Jumapili, watu wakiwa misani, Deodata akachukua panga, akakata mikaratusi kumi michanga ya shule yenyewe. Akaibandua maganda isitambulike. Kesho yake akaikabidhi, na Mwalimu Mkuu Philbert akamsifu mbele ya mstari. Jamani! Shule imeibiwa miti yake ikajengewa choo, na mwizi akapigiwa makofi.

Visiki vilipoonekana, lawama zikamwangukia nani kama si Ildefonsa? Huyu alikuwa binti wa Kirundi, amekimbia vita, anaishi kwa shangazi yake Eustakia aliyeolewa hapo kijijini. Shuleni alisoma kwa hisani tu, hata jina lake halikuwa kwenye daftari la mahudhurio. "Wakimbizi ndio wanaotumalizia miti," watu walisema, na ushahidi wao ukaishia hapo.

Mkuu alitaka kumfukuza siku ileile. Mwalimu Tecla wa darasa la sita akamzuia.

"Kiboko hakijawahi kuotesha mti, mwalimu. Tuwakalishe. Walioumizwa waseme, aliyekosa aseme, watafute wenyewe namna ya kutengeneza. Halafu wanywe kibuyu kimoja kama wazee wao wanavyopatana."

"Sawa," mkuu akanuna. "Lakini asipokiri, Jumatatu nisimwone hapa."

Deodata alijifariji. Ildefonsa atakataa, Mwalimu Tecla atamtetea, kosa litakosa mwenyewe, basi. Ndivyo alivyojidanganya hadi Ijumaa.

Siku hiyo madawati yalipangwa duara, na mlango ukafungwa kwa sababu ya mvua. Ildefonsa aliketishwa sakafuni, katikati, na hakuna aliyeona ajabu. Deodata alibanwa kati ya wenzake Gidioni na Nice, asingeweza hata kuinuka bila kusumbua watu. Gidioni akaeleza alivyobeba maji ya kumwagilia miti ile kiangazi kizima. Kila neno lake lilimchoma Deodata.

"Na wewe, Ildefonsa?" Mwalimu Tecla akauliza kwa upole.

Ildefonsa akatazama mlango, kisha sakafu. "Ni mimi, mwalimu. Mnisamehe. Nitapanda mingine."

Darasa likashangilia. Hata mkuu akalainika, akasema mtoto mwenye adabu huonekana. Deodata akamkodolea macho. Huyu naye vipi? Anakubalije kosa ambalo si lake?

Kibuyu cha togwa ya ndizi kikaletwa, mirija miwilimiwili, kila mmoja anywe na Ildefonsa kwa zamu. Bibi yake Deodata alikuwa akisema kwamba anayenyonya mrija wa upatanisho na uongo tumboni, tumbo litamvimba hadi aseme. Gidioni akanywa. Zamu ikafika. Deodata akauweka mrija mdomoni, uso wake na wa Ildefonsa ukiwa karibu kugusana, na togwa ikakataa kupanda. Hakuwa na pa kukimbilia.

"Ni mimi niliyekata," akasema, akaangua kilio. "Ziko pale chooni. Zihesabuni."

Mwalimu Tecla akamgeukia Ildefonsa, uso umempauka. "Mwanangu, kwa nini ulikubali?"

"Mlikuwa mmeshaamua ni mimi, mwalimu. Ningekataa, ningefukuzwa. Nilipokubali, mkanipigia makofi."

Mkuu akakohoa, akatazama dirisha. Mwalimu Tecla akamshika Ildefonsa mkono, akamnyanyua kutoka sakafuni, akamkalisha benchini. Halafu akasogeza kibuyu kati ya wasichana wale wawili. "Basi sasa nyweni nyinyi."

Ildefonsa akautoa mrija wake, akauweka kando. "Leo sinywi."

"Binti, tunapatanisha hapa!" mkuu akafoka.

"Mwache, mwalimu," Tecla akasema. "Kukataa nako ni haki yake."

Jumatatu jina la Ildefonsa likaandikwa kwenye daftari. Deodata akachimba mashimo kumi, akapanda miche ya mikaratusi, akawa anabeba maji kila jioni. Kila Ijumaa alimfuata mwenzake na kibuyu mkononi.

"Leo?"

Ildefonsa huitazama ile miche, ambayo bado ni mifupi kuliko goti.

"Bado."

Deodata hurudi kuchota maji.