Mbolea Yangu, Mahindi ya Sadock

Msimu wa kwanza nilitia mfuko mmoja wa mbolea ya kukuzia, mahindi yakawa njano. Wa pili nikatia miwili, yakazidi unjano kama yananikomoa. Mwaka huu nilibeba mitatu ya ruzuku kichwani, mmoja mmoja, kutoka barabarani hadi juu kwetu Gonja. Shingo ikaingia kifuani, na shamba likanitazama vilevile.

Chini yangu, ukingo tu ukitutenga, analima shemeji yangu Sadock, ambaye hajawahi kununua mbolea hata kijiko. Mahindi yake ni ya kijani mpaka yanakaribia kuwa meusi.

"Unaweka nini, shemeji?"

"Jasho."

"Jasho gani, na wewe unapalilia umekaa?"

"Basi yananipenda sura."

Ningecheka vizuri zaidi kama mama mkwe asingekuwa ameshatamka. Tangu mume wangu Eliezeri afariki, mama Honorata ndiye mwenye kauli juu ya mashamba ya ukoo, naye alisema wazi: shamba langu likinishinda mara ya tatu, analichukua Sadock. Mimi na wanangu tungekula nini, nyimbo za kwaya?

Niliwaza mpaka kichwa kikauma. Mbolea feki? Nimerogwa? Mbona nilifuata kila alichofanya marehemu baba mkwe na samadi yake ya ng'ombe! Alhamisi asubuhi unamwaga. Mchana inafika zamu yetu ya maji ya ndiva, lile bwawa la ukoo kule juu; unafungua mfereji, shamba linakunywa. Yeye alivuna hivyo miaka arobaini.

Alhamisi iliyofuata nilimwaga nusu mfuko iliyobaki, nikafungua maji. Ndipo nikaona punje nyeupe zikibingirika katikati ya mistari, zinanipita miguuni bila hata salamu. Nikazifuata. Zilivuka ukingo, zikatulia kwa Sadock. Samadi ilikuwa nzito, ilikaa ilipowekwa. Hizi zilikuwa na safari zao.

Nikamwita mama, Sadock naye akaja nyuma yake. Akaziangalia punje, akayaangalia mahindi ya mwanawe, akaniangalia mimi.

"Sasa mkulima hapa ni nani?"

"Hata sijui, mama."

"Sadock?"

"Mimi nilijua ni jasho," akasema, safari hii bila kucheka.

Mama akaketi ukingoni. "Nikikupa shamba la Koleta huyu, la kwako litalishwa na nani?"

Sadock akakuna kidevu. Akatazama juu, akatazama chini, midomo ikihesabu kitu.

"Mama," akasema, "mwachie tu."

"Haya, Koleta, lako."

Nilitaka kushukuru, lakini sikuelewa kama nimepewa shamba au nimepewa shemeji wa kulisha. Nikauliza tu: "Sasa mbolea niwe naweka kabla ya maji au baada?"

"Baada," akasema mama.

"Kabla!" akapaza sauti Sadock, mpaka akashtuka mwenyewe.