Njia ya Kwa Mabati

Kitongoji chetu kinaitwa Kwa Mabati kwa sababu ya babu yake fundi cherehani. Babu huyo ndiye wa kwanza kuezeka bati hapa ufukweni mwa ziwa, enzi ambazo nyumba nyingine zote zilikuwa za nyasi. Siku hizi kila nyumba ina bati, na ukoo wenyewe umebaki watu wawili: fundi, anayeshonea barazani kwake, na kaka yake aliyehamia mjini.

Kwa fundi, jina lile lilikuwa balaa tupu. Bomba likikauka, wanamjia yeye. Mbwa wakibweka ovyo, yeye. "Si kwenu hapa?" wanamwambia, utadhani alizaliwa na funguo za ziwa mkononi.

Asubuhi moja mama muuza samaki alifika na beseni tupu, amefura.

"We dada, mmetufungia ziwa!"

"Nani kafunga?"

"Nyinyi! Nenda kajionee."

Fundi aliliacha gauni la mteja chini ya sindano, akaenda. Njia ya kushukia majini, aliyoipita tangu anabebwa mgongoni, ilikuwa imezibwa kwa seng'enge. Ng'ambo yake vibarua walikuwa wanachimba msingi. "Kiwanja kimenunuliwa, mama," mmoja akamwambia. "Inajengwa hoteli."

Akampigia kaka yake palepale, watu wamemzunguka.

"Kaka, umeuza kiwanja cha babu?"

"Ni changu, nilirithi. Nilikuwa nataka kukuambia."

"Lini? Hoteli ikifika ghorofa ya tatu?"

"Usinipandishie sauti. Watu watapata kazi hapo."

"Na maji watachota wapi?"

Simu ikakatika, au alikata.

Akamwendea mwenye hoteli. Bwana yule alimkaribisha kiti, akamsikiliza, akatabasamu, akasema hata hoteli wataiita Kwa Mabati. Fundi aliondoka, hata kuaga hakuaga.

Watu wakawa wanazunguka mbali kupitia kwenye matope, na kila aliyekatiza barazani kwake alimrushia neno. Uzalendo ukamshinda. Siku hiyo alichukua nyundo, akabomoa jiko lake la nyuma, maana ndilo lililoziba upenyo, na ua wake ulishuka hadi majini. Akahamishia sufuria barazani, kando ya cherehani.

"Haya, piteni!"

Wakapita. Walipita na ndoo, na nyavu, na mbuzi. Mchicha wake ukalala chini, ua ukageuka tope, watoto wakamchungulia hadi chumbani. Moshi ukaingia kwenye nguo za wateja. Bibi harusi mmoja alinusa gauni lake, akalikunja, akampelekea fundi mwingine. Walioshukuru walikuwa wachache. Mama muuza samaki ndiye aliyemwachia samaki mlangoni mara mojamoja.

Mwisho wa mwezi kaka yake akaja, viatu vinang'aa. Akasimama uani, akatazama watu wakipishana na ndoo.

"Dada, umeibomoa nyumba ya babu."

"Nimebomoa jiko. Wewe umeuza ziwa."

Akataka kujibu, lakini mzee mmoja mwenye nyavu begani akampiga kikumbo, akamwambia asimame pembeni, anaziba njia. Fundi akamsukumia kaka yake koleo kifuani.

"Tope hilo. Anza pale kwenye kona, panateleza."

Kaka alimtazama, akaona hatanii. Akavua viatu, akakunja suruali. Fundi akarudi kwenye cherehani, bado amenuna.