Bakuli la Wageni

Dustu alirudi nyumbani na bunduki mpya begani, blanketi kwapani na sufuria ya shaba mkononi. Mkewe, Ailsi, alikuwa shambani akipanda mahindi pamoja na mama yake, bibi Kwedi. Alipoiona ile sufuria inavyong'aa, jembe lilimponyoka. Bonde zima la Etowah lilijua maana ya vitu hivyo. Serikali ya Wamarekani ilimpa vitu hivyo kila mkuu wa familia ya Kicheroki aliyekubali kuhamia ng'ambo ya mto Misisipi na kuwaachia Wazungu wa Jojia ardhi yake.

"Umetuandikisha," alisema Ailsi.

"Nimetuokoa."

"Kutoka kwa nani?"

"Kwa yule bwana mkubwa wao. Mimi nilipigana chini yake, mama watoto. Niliogelea risasi zikinipita kichwani, nikawaibia maadui zake Wakriki mitumbwi yao ili yeye apate ushindi. Leo ndiye rais. Namjua mtu yule, akishataka kitu hasikii la mtu. Watatutoa kwa mabunduki. Bora tuondoke tukiwa na chochote."

Bibi Kwedi aliegemea jembe lake akaikagua ile sufuria. "Uliogelea kwa ajili yake, na hii ndiyo shukrani. Hata mfuniko haina, mkwe wangu?"

Dustu aliitazama sufuria kama vile ndiyo kwanza anaiona. Kweli, mfuniko haikuwa nao.

Ailsi hakucheka. Alikuwa amekasirika. Kwa Wacheroki nyumba ni ya mke, shamba ni la mke, na watoto ni wa ukoo wa mama yao. Mume huja na tandiko la farasi wake, akakaa kwa heshima, na akikorofisha anaondoka nalo. Dustu alilelewa hivyo tangu ananyonya, kwa hiyo hakuna wa kusema kwamba alikosea kwa kutojua. Alijua fika. Alikwenda kujificha nyuma ya sheria ya Wazungu, ile inayosema kwamba cha mke ni cha mume, akauza nyumba ambayo hata kigingi chake kimoja hakikuwa mali yake. Hilo ndilo lililomchoma Ailsi.

Kesho yake mchana akaja Bwana Pruitt, wakala wa uhamisho, pamoja na mkalimani wake Lukasi, Mcheroki wa kijiji cha jirani. Dustu akatoka kumpokea, bunduki mpya begani. Ailsi aliwapa wageni kanahena kwanza, ule uji mchachu wa mahindi unaokaa chunguni kutwa, kwa bakuli la mbao lililotundikwa mlangoni kwa ajili ya wapita njia. Adui au rafiki, aliyefika mlangoni anakula. Pruitt alionja kidogo, akakunja uso, akamrudishia bakuli. Kisha akaanza kuzunguka nyumba akigonga kuta kwa fimbo na kuishikashika mipichi, kama mtu anayenunua farasi.

"Nyumba nzuri," alisema. "Vuli isiwakute hapa."

"Muulize, nyumba hii anadhani ni ya nani?" Ailsi alimwambia Lukasi.

Pruitt alicheka. "Ya mumeo, bibi. Mama mwalimu wa misheni ameniambia ninyi ni watu mliostaarabika, mnasali na kushona. Basi mke aliyestaarabika humfuata mumewe."

Mama mwalimu alikuwa amewafundisha kushona, na Ailsi alimshukuru kwa hilo. Alikuwa amewafundisha pia kwamba mume ndiye kichwa cha nyumba. Wanawake walimsikiliza kwa adabu, wakaenda kuchekea mtoni.

"Na kama sina mume?"

"Lakini unaye. Huyu hapa."

Ailsi akaingia ndani. Alitoka na tandiko la farasi, akalitua nje ya mlango. Akarudi, akatoka na viatu vya ngozi ya kulungu, kiko, na vile vijiti viwili vya kuchezea mpira ambavyo Dustu alivitukuza kuliko jamaa zake wengine. Akavipanga juu ya tandiko. Mwisho akatoa lile blanketi na sufuria ya shaba, akaviweka juu ya vyote. Kwenye mashamba ya jirani majembe yalinyamaza.

"Anafanya usafi?" aliuliza Pruitt.

Lukasi alikohoa. "Mume ameachwa, bwana. Vitu vyake vikishatolewa nje, ndoa imekwisha."

"Bila hakimu?"

"Hakimu wa nini?"

Dustu alikuwa amepauka. "Ailsi, ndiyo unanifanyia haya mbele ya mgeni?"

"Wewe uliponiuza, ulijificha?"

Pruitt hakuwa mjinga. Bunduki hutolewa kwa mkuu wa familia, na mtu asiye na familia si mkuu wa chochote. Alimnyang'anya Dustu bunduki, akaifunga kwenye farasi wake, na kwa hasira akabeba hata blanketi na sufuria. Alipokwisha kupanda alimgeukia Ailsi, lakini akasema na Lukasi.

"Mwambie wanajeshi watakuja. Wao hawaulizi nani mke, nani mume."

"Waje," alisema Ailsi, na hakuishusha sauti. "Waje waniburute kwa nywele, mchana, majirani wakiona. Wakitaka kuiba, waibe, na waitwe wezi. Lakini hawataondoka hapa wakisema tuliwauzia."

Lukasi alitafsiri yote, neno kwa neno, huku akimtazama Pruitt usoni. Nadhani hakuwahi kufanya kazi yake kwa raha kama siku ile.

Walipokwenda zao, Dustu alibaki amesimama kando ya tandiko. Alionekana mzee.

"Nilikuwa naogopa," alisema. "Kwa ajili yenu."

"Najua. Na mimi naogopa. Ungeniambia, tukaogopa pamoja."

"Sasa niende wapi?"

"Kwa dada yako. Kwenu ni huko."

Alikuwa hajala tangu asubuhi, na Ailsi alilijua hilo, kwa sababu mazoea ya ndoa hayaishi kwa kutoa tandiko nje. Akachota kanahena akampelekea. Dustu alinyoosha mikono yote miwili, kisha akaona ni bakuli gani. Lilikuwa lile la mlangoni. Alilipokea hivyo hivyo, akanywa akiwa amesimama.

Ailsi alikuwa analia, wala hakujificha. Alipokea bakuli, akalisuuza, akalitundika mahali pake.

"Karibu tena," alimwambia, kama anavyoambiwa mgeni yeyote.

Kisha akaokota jembe lake na kurudi shambani kwa mama yake. Mbegu zilikuwa bado nyingi, na mvua ilikuwa karibu.